FAILI ZETU ZIKAE WAPI: OFISINI KWETU AU KWA WENYE WINGU?



Katika mkutano wa tawi uliopita tulibishana mpaka giza likaingia, tukatawanyika bila kupiga kura. Jambo lenyewe ni hili. Vijana wetu watatu wanaotutungia programu ya daftari la wanachama wameuliza faili za kazi yao zitunzwe wapi. Je, zitunzwe kwa moja ya zile kampuni za ng'ambo ambazo watu husema ni "wingu", au zitunzwe katika mashine zetu wenyewe, hapa ofisini? Mzee mmoja alisimama akasema kwamba mambo ya kompyuta si ya mtu wa reli, tuwaachie vijana waamue wenyewe.

Mimi sikubaliani na mzee huyo, ingawa namheshimu. Daftari lile ni letu. Ndani yake mna michango yetu ya kila mwezi, majina ya wake na waume na watoto wetu, na hesabu ya fedha za kusaidiana wakati wa matanga. Siku daftari litakapopotea, si kijana mtunga programu atakayekosa haki yake, ni mjane wa mwanachama. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu kabla ya mkutano ujao.

Mimi si msomi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya njia. Kazi yangu ni reli, mataruma na kokoto, baina ya Londiani na Kipkelion. Lakini mmoja wa watunga programu wale ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, naye hukaa kwangu hapa Chepseon. Jioni nyingi nimekaa naye nikimwuliza, naye amenijibu kwa saburi. Alipotumia maneno magumu nilimwambia, "Mama, hebu niambie kwa lugha ya reli." Akacheka, akaniambia. Haya niandikayo ni yale niliyoyafahamu.

KULANDANISHA NI NINI

Programu si kitu kimoja kama nyundo. Ni mamia ya faili, nyingine ndogo sana, zinazotegemeana. Watu watatu wanapofanya kazi ya programu moja, kila mtu ana mashine yake na nakala yake. Mmoja akibadili faili, wenzake lazima wapate badiliko lile, ama sivyo kila mtu atakuwa na programu yake, na hakuna hata moja iliyo sahihi. Kazi ya kuzifanya nakala zote ziwe sawasawa ndiyo vijana huiita kulandanisha.

Mwanzoni hawakuwa na mpango. Walipeana faili kwa flashi. Nilipochungulia mashine ya mpwa wangu niliona folda tatu: moja "daftari jipya", ya pili "daftari jipya kabisa", ya tatu "daftari la mwisho 2". Nikamwuliza iliyo sahihi ni ipi. Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Mjomba, nadhani ni hii." Ndugu zangu, fedha za wanachama haziwezi kukaa juu ya neno "nadhani".

Basi njia ni mbili. Njia ya kwanza ni wingu. Kila faili unayoiandika hupanda kwa intaneti mpaka mashine za kampuni, kisha hushuka katika mashine za wenzako. Dropbox ni kampuni ya namna hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2007 huko Marekani, na Google na Microsoft nao wana huduma zao. Tusidanganyike na jina. Wingu si wingu. Ni jumba lenye mashine nyingi, lenye mlango, kufuli na mwenyewe.

Njia ya pili ni mashine kupeana faili zenyewe kwa zenyewe, bila ya mtu wa kati. Hii si njia ngeni. Programu iitwayo rsync ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Akili yake ni kwamba haitumi faili nzima kila mara, hutuma kile kipande kilichobadilika tu. Tangu mwaka 2013 kuna nyingine iitwayo Syncthing, nayo hutolewa bure, na yeyote apendaye aweza kusoma namna ilivyotungwa. Mashine mbili zikiwa katika chumba kimoja, hupeana faili kwa waya au kwa redio ya chumba kile, na intaneti ya nje haitumiki hata kidogo.

TRENI MBILI KATIKA NJIA MOJA

Kabla ya kuchagua kati ya njia hizo, kuna hatari ambayo ipo katika zote mbili, na sisi watu wa reli twaijua kuliko mtu yeyote.

Reli hii ilipofika Kisumu, tarehe 20 Desemba 1901, ilikuwa njia moja tu, na mpaka leo ni njia moja. Treni ya kupanda na treni ya kushuka hutumia chuma kile kile. Ndiyo sababu dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe ruhusa ya kipande kile cha njia, na ruhusa ya kipande kimoja hupewa treni moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye ruhusa huenda, asiyekuwa nayo hungoja. Si kwa sababu madereva ni wabaya. Hata madereva wawili wema watagongana wakipewa njia moja kwa saa moja.

Faili nazo ni vivyo hivyo. Watu wawili wakifungua faili moja saa ile ile, kila mmoja akaandika lake, programu ya kulandanisha ifanye nini? Haina stesheni masta. Syncthing hubakiza moja kwa jina lake, na ile nyingine huipa jina jipya la kuonyesha kwamba pana mgongano. Hakuna kilichopotea, lakini lazima mtu akae atazame. Programu nyingi za wingu hufanya hivyo hivyo. Mtu asipotazama, baada ya mwezi folda imejaa mabaki ya migongano, na ukweli umezikwa chini yake.

Kwa hiyo mpwa wangu na wenzake wamekubaliana jambo moja, nami nawaunga mkono: maandishi ya programu yenyewe yasilandanishwe kwa njia hizi mbili za kawaida. Kwa kazi hiyo kuna chombo kiitwacho Git. Kilitungwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, ambaye ndiye aliyeanzisha Linux. Git haipeleki badiliko mpaka mtu mwenyewe aseme, "Hili nimelimaliza, na sababu yake ni hii." Watu wawili wakibadili mstari mmoja, Git hukataa kuendelea mpaka waketi waamue. Hiyo ndiyo ruhusa ya njia. Tena kila mashine hubeba historia yote ya kazi tangu siku ya kwanza, hata moja ikiungua nyingine zina kila kitu.

Wengi hudhani Git na GitHub ni kitu kimoja. Sivyo. GitHub ni jumba la kampuni, lililofunguliwa mwaka 2008, ambamo watu huweka kazi zao za Git. Git yenyewe haihitaji jumba la mtu. Kompyuta kuukuu ya ofisi yetu yaweza kuwa jumba lake.

Na onyo moja kwa vijana wengine watakaosoma haya: usiweke folda ya Git ndani ya folda inayolandanishwa na wingu au na Syncthing. Git huandika faili nyingi ndogo ambazo lazima zikubaliane. Programu ya kulandanisha huchukua moja mbele na nyingine nyuma, bila kujua utaratibu wake, na daftari la Git laweza kuharibika. Vile vile, ile folda ya vipande vya kuazima ambavyo programu hutegemea, yenye maelfu ya faili, isilandanishwe kamwe. Hiyo huchukuliwa upya wakati wowote. Ni kama kubeba kokoto kutoka Londiani mpaka Kipkelion hali Kipkelion kuna kokoto.

Zinazobaki za kulandanisha ni picha za fomu za zamani, barua, michoro na nakala za daftari lenyewe. Hizi ndizo tunazobishania.

KWA NINI NAPENDELEA MASHINE ZETU

Sababu ya kwanza ni gharama. Hapa kwetu intaneti ni bando, na bando ni fedha. Tuseme picha za fomu zetu ni gigabaiti 2. Kwa njia ya wingu, mmoja atazipandisha, na wenzake wawili watazishusha. Hiyo ni gigabaiti 6 za kulipia kwa kazi moja. Mashine zikiwa pamoja ofisini zapeana zile gigabaiti 2 bila senti moja ya bando, na kwa haraka zaidi. Tena nafasi ya bure ya makampuni haitoshi. Dropbox kwa mfano hutoa gigabaiti 2 tu za bure. Ukizidi, walipa kila mwezi, na mara nyingi hesabu ni ya dola. Shilingi ikishuka, ada yapanda, na hakuna mkutano wa tawi uliopitisha.

Sababu ya pili ni njia yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa dhaifu Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni 2024, ilizorota tena nchini mwetu. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ukaingia giza. Siku kama hizo mtu ambaye faili zake zote zi mbali hukaa akikunja mikono. Mwenye faili katika mashine yake, na betri imejaa, aendelea na kazi. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wenzetu wa Nairobi waliliona jambo hili zamani. Wale waliounda Ushahidi mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa machafuko baada ya uchaguzi, walipata taabu ya umeme na intaneti ya kukatikakatika. Ikawafanya mwaka 2013 watangaze kifaa kiitwacho BRCK, chenye betri yake, chenye kuhama chenyewe kutoka njia moja ya intaneti kwenda nyingine. Hawakusubiri nchi iwe na umeme usiokatika. Walitengeneza chombo cha kufanya kazi katika nchi kama ilivyo. Na sisi tufanye hivyo.

Sababu ya tatu ni mwenye kufuli. Mwaka 2019 GitHub iliwafungia watunga programu wa Iran, Syria na Crimea baadhi ya huduma zake, kwa sababu ya sheria za vikwazo za Marekani. Waliolala wakiwa na kazi zao za siri mle ndani waliamka wakakuta mlango umefungwa, na wengi wao hawakuwa na ugomvi na mtu. Kwa Iran mlango ulifunguliwa tena mapema mwaka 2021, baada ya kampuni kupata kibali. Sisemi kwamba Kenya itafungiwa. Nasema tu kwamba aliye mpangaji hana ufunguo wa mwisho.

Sababu ya nne ni siri za watu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo huhesabu habari za jamaa za mtu, yaani majina ya watoto, wazazi na mke au mume wake, kuwa habari nyeti, na yaweka masharti kabla ya kuzipeleka nje ya nchi. Daftari letu limejaa habari hizo. Mfanyakazi aliyetupa jina la mtoto wake alilitoa kwa chama, hakulitoa kwa dunia.

LAKINI TUSEME NA UPANDE WA PILI

Nisingekuwa mkweli kama ningesema wingu ni baya tu. Kijana wetu wa tatu anafanya kazi Nakuru, huja huku Jumamosi tu. Yeye katika mkutano alisema maneno mawili mazito.

La kwanza, alisema mashine zinazopeana zenyewe kwa zenyewe lazima ziwe zimewashwa wakati mmoja. Yeye akiandika usiku Nakuru na mashine ya Chepseon imezimwa, hakuna kinachofika. Wingu huwa macho siku zote. Hilo ni kweli. Dawa yake ni kuwa na mashine moja ya ofisi inayowashwa daima, na hilo lina gharama ya umeme na ya betri.

La pili, aliuliza: "Ofisi ikivunjwa usiku, wakachukua kompyuta, mtalandanisha na nini?" Pale sote tulinyamaza. Ofisi yetu ni chumba kimoja cha mabati, na kufuli yake twaijua sote.

Tena tusidhani kwamba nyumba yako mwenyewe ni salama kwa kuwa ni yako. Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon nchini Korea Kusini, moto uliotokana na betri uliunguza jumba la mashine za serikali. Ndani yake mlikuwa na hazina ya faili za watumishi wa serikali, terabaiti 858, na hazina ile haikuwa na nakala mahali pengine. Ikateketea. Serikali ile haikuwa imepanga kwa mtu. Jumba lilikuwa lake, na mafundi walikuwa wake. Kosa lilikuwa kuweka kila kitu mahali pamoja.

Na makampuni makubwa nayo hukosea. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, fundi aliyekuwa amechoka alifuta hifadhi ya data katika mashine ambayo siyo. Kiasi cha gigabaiti 300 kilifutika kabla hajashtuka. Wakazitafuta nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuweka akiba, na katika tano hizo hapakuwa na iliyofanya kazi ipasavyo. Walichowaokoa ni nakala moja ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Kazi ya saa sita ya wateja wao ilipotea. Nawasifu kwa jambo moja: walilitangaza kosa lao mbele ya watu wote bila kuficha. Lakini tujiulize, kama wao wenye mafundi wengi hawakuwa wamejaribu akiba zao, sisi je?

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Mambo mawili yametupata hapa hapa, nami nitayasema bila kutaja mtu.

La kwanza ni upande wa wingu. Mwaka jana mmoja wetu aliyekuwa akitunza nakala za daftari katika akaunti yake aliibiwa simu katika gari la abiria. Alipotaka kuingia kwa kompyuta, kampuni ikadai tarakimu ambazo zimetumwa katika simu ile ile iliyoibiwa. Alikaa siku kumi na moja akiandika barua kwa kampuni isiyo na ofisi ambayo angeweza kwenda kubisha hodi. Katika siku hizo tulizika mwanachama mmoja. Mweka hazina alilipa mkono wa pole kwa kukisia, maana hesabu ya michango ya marehemu ilikuwa mle ndani. Baadaye tukagundua kwamba mjane alipunjwa. Amelipwa kilichobaki, lakini aibu haijalipwa.

La pili ni upande ninaoupenda mimi. Vijana walipoanza kutumia Syncthing, msaidizi mmoja aliona folda mbili zilizofanana, akadhani moja ni ya ziada, akaifuta. Mashine nyingine zikapata habari kwamba folda imefutwa, nazo zikatii. Kwa muda wa dakika chache folda ikawa imetoweka katika mashine zote tatu. Chombo hakikukosea. Kilifanya kazi yake sawasawa, yaani kuzifanya nakala zote ziwe sawa. Hakuna aliyekuwa amewasha ile sehemu ya kuhifadhi nakala za zamani, kwa maana haijiwashi yenyewe. Picha za fomu za miaka miwili zilibidi zipigwe upya, na baadhi ya fomu zenyewe zilikuwa zimeliwa na panya.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo nataka kila mwanachama alishike: kulandanisha si kuweka akiba. Kulandanisha hufanya nakala zote ziwe kama ile ya mwisho, iwe nzuri au mbaya. Kosa nalo hulandanishwa. Akiba ni nakala ya jana isiyojali kilichotokea leo. Mtu akiulizwa, "Mna akiba?", akajibu, "Ndiyo, tunalandanisha," hajajibu swali.

MAONI YANGU KWA MKUTANO UJAO

Nikijumlisha yote, nasema kazi ya kila siku ifanywe kwa mashine zetu, na wingu litumike kama ghala la mbali la akiba iliyofungwa kwa siri. Hayo hayapingani. Hata mkulima wa chai wa hapa kwetu hufanya hivyo bila kujua: akipima majani kituoni hupewa risiti yake, naye huitunza nyumbani, ingawa kiwanda kina hesabu yake. Akiona malipo hayalingani, huenda na risiti mkononi. Asiye na risiti huenda na maneno tu.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni rahisi kwa watu wanaotunza kazi zao katika kompyuta: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali. Kwetu naona iwe hivi:

1. Maandishi ya programu yatunzwe kwa Git, katika mashine za vijana wote watatu na katika kompyuta ya ofisi. Majina na michango ya kweli ya wanachama yasiingizwe kamwe humo. Vijana wafanye majaribio yao kwa majina ya kubuni.

2. Picha, barua na nakala za daftari zilandanishwe kwa mashine zetu zenyewe, na sehemu ya kuhifadhi nakala za zamani iwashwe kabla ya jambo jingine lolote. Faili ikifutwa leo, iweze kurudishwa hata baada ya siku 30.

3. Kila Jumamosi nakala moja iandikwe katika diski ya nje, kisha diski ing'olewe ikakae nyumbani kwa mwanachama aliyechaguliwa, si ofisini. Diski iliyoachwa imechomekwa itaibiwa pamoja na kompyuta.

4. Kila Jumamosi hiyo hiyo nakala moja ipelekwe katika wingu, ikiwa imefungwa kwa neno la siri kabla ya kuondoka ofisini, ili kampuni ibebe sanduku bila kuona kilichomo. Akaunti iwe ya chama, si ya mtu mmoja, na funguo ziwe mikononi mwa viongozi wawili. Tusirudie habari ya simu iliyoibiwa.

5. Mwanzo wa kila mwezi, mweka hazina achague jina la mwanachama mmoja bila kutangaza, na vijana warudishe ukurasa wake kutoka katika diski, kisha kutoka katika wingu, mbele ya macho yake. Wakishindwa, iandikwe katika kumbukumbu za tawi kwamba hatuna akiba.

Hili la tano ndilo nililo tayari kulipigania hata kama mengine yatakataliwa. Sisi gengi hatuamini kwamba njia ni nzima kwa sababu ilikuwa nzima mwaka jana. Twatembea juu yake kwa miguu, twagonga kwa nyundo, twasikiliza. Akiba isiyojaribiwa ni njia isiyotembelewa.

Najua kuna swali la fedha. Kompyuta ya mtumba, betri ya kuiweka hai umeme ukikatika, na diski moja ya nje, hivyo vyataka mchango kutoka kwetu mara moja. Ada ya wingu yataka mchango kila mwezi bila mwisho, lakini kwa akiba yetu ndogo, iliyobanwa vizuri, nafasi ya bure yaweza kutosha kwa mwanzo. Mweka hazina atuletee bei za kweli kutoka Kericho na Nakuru, tusipige kura juu ya bei za kusikia.

Kwa yule mzee aliyesema mambo haya si ya mtu wa reli, nasema kwa heshima: Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kitabu cha michango kisilale nyumba moja na sanduku la fedha. Sasa kitabu kimekuwa faili, na fundisho lako bado ni lile lile. Njoo mkutanoni ulisema tena, vijana walisikie kutoka kinywani mwako.

Na kwa vijana wetu watatu: tunawashukuru kwa kazi mnayotufanyia jioni, baada ya kazi zenu za kutwa. Msione tunawauliza maswali mengi mkadhani hatuwaamini. Dereva hachukii anapodaiwa ruhusa ya njia.

Akiba haiozi, ndugu zangu. Tukutane mkutanoni, na safari hii tupige kura.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Njia ya Reli,
Chepseon.